Ngozi Ikibabuka, Macho Yasisahauliwe

Tuchukue mfano wa kijana wa kidato cha tatu aliyeanza kumeza dawa ya kifafa majuma mawili yaliyopita. Kifafa hakijamshika tena, na wazazi wake wanashukuru. Jumatatu anapata homa, koo linamwuma, na macho yanamwasha kana kwamba yameingiwa na mchanga. Anadhani ni mafua. Jumatano madoa mekundu yenye kiini cheusi yanatokea usoni na kifuani, midomo inachubuka, na kope zinavimba hata hawezi kufumbua macho. Ijumaa ngozi ya mgongo inabaki kwenye shuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Jirani mmoja atasema ni surua. Mwingine atasema kijana amerogwa. Wa tatu atauliza ni nani aliyemmwagia maji ya moto.

Wote watatu wamekosea. Huu ni mzio mkali wa dawa, ambao huunguza ngozi na tando laini za mwili. Akiwahi kufikishwa hospitali, kijana huyu wa mfano wetu aweza kupona, na ngozi mpya ikaota katika muda wa majuma mawili au matatu. Hata hivyo aweza kutoka hospitali akiwa mzima wa ngozi na kipofu wa macho. Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi upofu huo haukosi kinga. Macho hupotea katika siku chache za mwanzo, wakati kila mtu anashughulika kuokoa uhai wa mgonjwa na hakuna anayeyatazama. Makala haya yanaeleza jinsi jicho linavyodhurika katika siku hizo, na jinsi linavyoweza kuokolewa.

Ugonjwa wenyewe

Mwaka 1922 madaktari wawili wa watoto wa Marekani, Albert Stevens na Frank Johnson, waliandika habari za wavulana wawili wa New York, mmoja wa miaka 7 na mwingine wa miaka 8. Wavulana hao walishikwa na homa, wakatokwa na vipele mwili mzima, vidonda kinywani, na macho yao yakavimba na kutoa usaha. Tangu hapo hali hiyo imeitwa ugonjwa wa Stevens na Johnson. Yafaa tukumbuke kwamba macho yalitajwa tangu siku ya kwanza. Hata kichwa cha taarifa yao kiliyataja.

Mwaka 1956 Alan Lyell, daktari wa ngozi wa Uskoti, alieleza habari za wagonjwa wanne ambao ngozi yao ilibabuka mfano wa ngozi iliyounguzwa na maji ya moto. Leo wataalamu wengi huuhesabu ugonjwa wa Lyell na ule wa Stevens na Johnson kuwa ugonjwa mmoja wenye viwango tofauti vya ukali. Ngozi iliyobabuka ikiwa chini ya asilimia 10 ya ngozi yote ya mwili, huitwa ugonjwa wa Stevens na Johnson. Ikizidi asilimia 30, huitwa ugonjwa wa Lyell. Kati ya viwango hivyo viwili ni hali ya mchanganyiko. Katika kiwango cha chini hufa mgonjwa mmoja au pungufu katika kila kumi. Katika kiwango cha juu hufa takriban watatu katika kila kumi, na pengine zaidi.

Kwa bahati njema ugonjwa huu ni wa nadra. Katika nchi zinazoweka hesabu, huwapata watu wachache tu katika kila milioni moja kwa mwaka. Wenye virusi vya UKIMWI huupata mara nyingi zaidi kuliko watu wengine. Kwa watoto, maambukizo ya mapafu yaletwayo na vijidudu viitwavyo maikoplazma huweza pia kusababisha hali inayofanana nao. Lakini kwa watu wazima chanzo kikuu ni dawa. Zinazotajwa mara kwa mara ni dawa zenye salfa, kama kotrimoksazoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Septrin. Dawa za kifafa, kama kabamazepini, fenitoini, fenobabitali na lamotrijini. Alopurinoli, ambayo hutibu jongo. Nevirapini, ambayo hupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Na baadhi ya dawa za kutuliza maumivu.

Mara nyingi dalili huanza kati ya siku ya 4 na siku ya 28 tangu mgonjwa aanze dawa. Kwa sababu hiyo mtu aliyemeza dawa kwa majuma mawili bila tatizo asidhani kwamba amekwisha kuvuka hatari.

Askari wanaoishambulia nyumba yao

Mtu aweza kuuliza: je, dawa hii ni sumu? La, si sumu. Maelfu ya watu humeza dawa ile ile, kwa kiasi kile kile, nao hupona maradhi yao pasipo madhara. Tofauti imo katika mfumo wa kinga wa mgonjwa mwenyewe.

Karibu kila seli ya mwili hubeba juu ya uso wake protini maalumu ambazo hutumika kama kitambulisho. Chembe nyeupe za damu hupita zikikagua vitambulisho hivyo, kama askari wa zamu wanavyokagua vyeti vya wapitao. Seli yenye kitambulisho sahihi huachwa. Iliyoingiliwa na virusi huuawa. Protini za kitambulisho hurithiwa kutoka kwa wazazi, na zina aina nyingi mno. Baadhi ya aina hizo zina umbo ambalo hunasa molekuli ya dawa fulani. Dawa ikinaswa, kitambulisho hubadilika sura. Askari hawakitambui tena, nao huanza kuua seli za ngozi ambazo hazina kosa lolote.

Silaha yao mojawapo ni protini iitwayo granulisini. Mwaka 2008 watafiti wa Taiwan walionyesha kwamba protini hiyo imejaa ndani ya majimaji ya malengelenge ya wagonjwa hawa. Seli za ngozi ya juu zilizopigwa nayo hufa kwa wingi, na ngozi hiyo huachana na ngozi ya ndani kama rangi inayobanduka ukutani.

Watafiti wa Taiwan ndio walioonyesha pia, mwaka 2004, kwamba Wachina wenye aina moja ya kitambulisho cha kurithi wamo katika hatari kubwa wakipewa kabamazepini. Sasa katika baadhi ya nchi za Asia damu ya mgonjwa hupimwa kabla ya kupewa dawa hiyo. Aina hiyo ni adimu sana miongoni mwa Waafrika. Hata hivyo utafiti uliofanywa Malawi na kutangazwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba aina nyingine ya kitambulisho inahusiana na ugonjwa huu kwa watu wanaotumia nevirapini.

Kwa nini jicho?

Mwanafunzi wa elimu ya viumbe atakumbuka kwamba katika kiinitete ngozi ya juu huota kutoka tabaka la nje. Utando unaofunika sehemu ya mbele ya jicho huota kutoka tabaka hilo hilo. Kwa hiyo uso wa jicho na ngozi ni ndugu. Adui wa mmoja huweza kuwa adui wa mwingine, na ndiyo maana zaidi ya nusu ya wagonjwa waliolazwa huumia macho.

Uso wa jicho una sehemu tatu ambazo hapana budi tuzifahamu. Ya kwanza ni konea, yaani kioo cha mbele kilicho angavu. Unene wake katikati ni kama nusu milimita. Haina mishipa ya damu, nayo hufanya takriban theluthi mbili za kazi yote ya kukunja miale ya nuru iingiayo jichoni. Seli za juu za konea hufa na kubadilishwa kila baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Seli mpya hutoka katika seli shina, ambazo makao yake ni ukingo wa mviringo pale ambapo konea hukutana na weupe wa jicho.

Sehemu ya pili ni utando telezi unaofunika weupe wa jicho, kisha ukapinda na kutanda upande wa ndani wa kope. Utando huu hutoa ute ambao huyafanya machozi yashike vizuri juu ya jicho.

Sehemu ya tatu ni ukingo wa kope. Humo mna matundu madogo ya tezi zinazotoa mafuta. Mafuta hayo huelea juu ya machozi, yakayazuia yasikauke upesi. Machozi, basi, si maji matupu. Yamefanyika kwa maji, ute na mafuta; kimojawapo kikikosekana, jicho hukauka.

Siku saba za hatari

Ngozi iliyobabuka kwa ugonjwa huu kwa kawaida hupona bila kovu kubwa, kwa kuwa ngozi ya ndani imesalimika. Jicho halina bahati hiyo, na sababu yake yaweza kuelezwa kwa mfano wa shambani.

Mkulima anayebebesha mwembe hukata kikonyo cha mwembe mzuri, akakata shina la mche, kisha akaviambatanisha vidonda vyote viwili na kuvifunga. Baada ya majuma machache vinakuwa mti mmoja. Vidonda viwili vibichi vinavyogusana huungana. Wauguzi wanalijua jambo hili. Ndiyo maana mtu aliyeungua mkono hutenganishwa vidole kwa shashi ili visishikane.

Sasa tulitazame jicho lililofumba kwa uvimbe. Upande wa ndani wa kope umechubuka. Uso wa jicho umechubuka pia. Viwili hivi vinagusana usiku na mchana. Juu yake hutanda ukoko mweupe wa seli zilizokufa, usaha na protini za damu, ambao huvigandisha pamoja kama gundi. Baada ya siku chache nyuzi za kovu huanza kuota, na kope hushikana na jicho. Mifuko inayohifadhi machozi hufa. Seli shina zilizo ukingoni mwa konea zikiangamia, konea hukosa seli za kuifunika. Mishipa ya damu huitambaa, na kioo hugeuka kuwa ukungu.

Kuna madhara mengine yanayokuja polepole. Ukingo wa kope uliounguzwa huota ngozi kavu na ngumu mahali palipokuwa laini na telezi. Mtu hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Kwa saa 16 za kuwa macho, hizo ni mara 14,400 kwa siku, na kila mara ukingo mgumu huparuza konea kama msasa. Pengine nywele za kope nazo hugeuka kuelekea ndani na kuchoma jicho, kama ilivyo kwa wagonjwa wa vikope katika mikoa yetu yenye ukame. Kwa sababu hiyo yupo mgonjwa ambaye hutoka hospitali akiona, kisha akaanza kupoteza nuru ya macho miezi au miaka baadaye.

Jambo moja lafaa lisisitizwe. Kiasi cha ngozi kilichobabuka si kipimo cha kuaminika cha madhara ya macho. Mgonjwa aliyebabuka sehemu ndogo tu ya mwili aweza kuumia macho vibaya sana. Kwa hiyo haitoshi kusema, "Ngozi yake si mbaya, macho yatapona yenyewe." Ni lazima macho yatazamwe.

Tiba ya siku za mwanzo

Hatua ya kwanza ni kuisimamisha dawa inayoshukiwa. Hatua hii hupita nyingine zote kwa umuhimu. Dawa ikisimamishwa mapema, uwezekano wa mgonjwa kupona huongezeka. Baada ya hapo mgonjwa hutunzwa kama mtu aliyeungua moto: hupewa maji na chakula cha kutosha, hulindwa na baridi na vijidudu, na vidonda vyake hufunikwa.

Hatua ya pili ni kumwita mtaalamu wa macho siku ile ile, au kesho yake ikichelewa sana. Mtaalamu hudondosha jichoni rangi ya fluoresini. Rangi hii haishiki mahali palipo na seli nzima, bali hushika palipochubuka. Chini ya taa ya buluu mahali hapo hung'aa kwa rangi ya kijani. Kwa njia hii rahisi mtaalamu huona kidonda ambacho macho matupu yasingekiona. Hutazama konea, weupe wa jicho, upande wa ndani wa kope baada ya kuigeuza, na ukingo wa kope kwa urefu wake wote. Konea ikiwa na kidonda cha kuonekana wazi, au utando wa jicho ukiwa na kidonda kinachozidi sentimita moja, au ukingo wa kope ukiwa umechubuka zaidi ya theluthi ya urefu wake, hali hiyo huhesabiwa kuwa kali. Uchunguzi huu hurudiwa kila siku, kwa kuwa jicho lililoonekana jema Jumatatu laweza kuwa baya Jumatano.

Hatua ya tatu ni usafi na unyevu. Macho huoshwa kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa hospitalini. Ukoko unaotanda huondolewa taratibu baada ya jicho kutiwa dawa ya ganzi. Baadhi ya wataalamu hupitisha kijiti laini cha kioo kati ya kope na jicho ili kutenganisha sehemu zinazotaka kushikana. Wengine huonya kwamba kijiti kikitumiwa bila uangalifu huongeza mchubuko. Machozi ya bandia au marhamu hutiwa mara nyingi kwa siku, hasa yale yasiyotiwa kemikali za kuhifadhi, kwa maana kemikali hizo huweza kuchokoza jicho lililo wazi. Mgonjwa asiyejitambua, ambaye kope zake hazifumbi barabara, hana budi kulindwa macho yasikauke.

Hatua ya nne ni dawa. Matone ya viuavijasumu huzuia vijidudu visiingie katika vidonda. Matone ya steroidi hutuliza vita vya chembe nyeupe, na wataalamu wengi wa macho huyatumia mapema. Huko Kyoto, Japani, madaktari wameeleza mafanikio waliyopata kwa kuanza steroidi kali za mishipani pamoja na za matone katika siku chache za kwanza. Lakini steroidi zina hatari yake: kidonda chenye vijidudu huweza kuharibika zaidi. Kwa sababu hiyo hutolewa na kusimamiwa na daktari peke yake, wala si dawa ya kununua dukani.

Utando wa chupa ya uzazi

Hatua ya tano ndiyo iliyobadilisha tiba hii katika miaka ya karibuni, nayo inatokana na kitu ambacho kwa kawaida hutupwa au kuzikwa kila mtoto anapozaliwa.

Mtoto akiwa tumboni huelea ndani ya mfuko wa maji ambao wakunga wetu huuita chupa. Utando wa ndani wa chupa hiyo ni mwembamba kuliko karatasi, ni angavu, na hauna mishipa ya damu wala ya fahamu. Chini ya seli zake kuna zulia la protini linalofanana na lile ambalo seli za uso wa jicho hulikalia. Tena utando huu una kemikali zinazotuliza uvimbe na kuzuia kovu.

Mwaka 1910 daktari mmoja wa Marekani, jina lake Davis, alieleza jinsi tando za uzazi zilivyotumiwa kufunika vidonda vya ngozi. Mwaka 1940 de Rötth alizijaribu katika upasuaji wa macho, lakini mafanikio yake yalikuwa madogo, na jambo hilo likasahaulika kwa muda mrefu. Mwaka 1995 Kim na Tseng walilifufua kwa majaribio ya macho ya sungura. Kisha mwaka 2002 madaktari wa Marekani walieleza jinsi walivyoutumia utando huo kwa wagonjwa wa ugonjwa wa Lyell wakiwa bado katika siku za ukali wa maradhi.

Utando huchukuliwa kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji na aliyekubali kuutoa. Mama hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Utando huoshwa, hutakaswa, kisha huhifadhiwa katika baridi kali au kwa kukaushwa. Daktari huutandaza juu ya jicho zima: juu ya konea, ndani ya mikunjo ya kope, na kuvuka ukingo wa kope hadi penye nywele. Huushikiza kwa nyuzi au kwa gundi ya tiba. Kisha huingiza pete laini chini ya kope ili kuutandaza vema na kuweka nafasi kati ya kope na jicho. Mahali pasipo na pete za kiwandani, madaktari wameeleza jinsi ya kuitengeneza kwa mpira wa dripu uliotakaswa. Sasa tukumbuke mwembe wetu: utando ni kama karatasi iliyowekwa kati ya vikonyo viwili vilivyokatwa. Vidonda havigusani tena, na kila kimoja hupona peke yake. Baada ya siku kadhaa utando huyeyuka. Jicho likiwa bado halijapona, hutandazwa mwingine.

Mwaka 2016 watafiti wa India walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 25, yaani macho 50. Baadhi ya macho yalipata dawa peke yake, na mengine yalipata dawa pamoja na utando. Baada ya miezi 6 macho yaliyofunikwa utando yaliona vizuri zaidi.

Lakini utando una masharti yake. Hufaa zaidi ukitandazwa katika juma la kwanza. Baada ya siku ya 10 hivi faida yake hupungua sana, maana nyuzi za kovu zimekwisha kusukwa. Utando huzuia kovu, haulifuti.

Kovu likiisha kukomaa

Msomaji aweza kusema: jicho likiharibika, si lifanyiwe upasuaji wa kubadilishiwa konea? Jibu ni kwamba katika ugonjwa huu konea ya kupandikizwa hushindwa mara nyingi. Konea mpya huhitaji machozi ya kuilowesha, kope laini za kuifunika, na seli shina za kuifanya upya. Jicho hili limevipoteza vyote vitatu. Ni sawa na kupanda mche bora katika udongo usio na maji.

Hata hivyo mgonjwa wa namna hii asikate tamaa. Ziko lenzi kubwa ngumu ambazo huacha dimbwi dogo la maji mbele ya konea. Yako matone yanayotengenezwa kwa majimaji ya damu ya mgonjwa mwenyewe. Madaktari huweza kuondoa ngozi ngumu ya ukingo wa kope na kupandikiza mahali pake utando telezi kutoka ndani ya mdomo. Seli shina nazo huweza kupandikizwa. Lakini tiba hizi ni za gharama, hupatikana katika hospitali chache, na nyingi hazirudishi jicho katika hali yake ya kwanza. Kazi ya juma moja iliyoachwa haikombolewi kwa urahisi na kazi ya miaka kumi.

Jambo hili linatuhusu

Afrika Mashariki inaujua ugonjwa huu. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa Nairobi walitangaza kwamba wagonjwa wa kifua kikuu wenye virusi vya UKIMWI, waliopewa dawa ya thiasetazoni, walipata mzio mkali wa ngozi mara nyingi mno kuliko wasio na virusi hivyo, na baadhi yao walikufa. Matokeo hayo yalisaidia kuiondoa dawa hiyo katika tiba ya wagonjwa wa namna hiyo. Tanzania ilipoacha klorokwini mwaka 2001, dawa ya malaria iliyochukua nafasi yake ilikuwa na salfa, na habari za watu kubabuka zilizungumzwa mitaani hadi dawa mseto ilipopitishwa mwaka 2006. Nevirapini nayo imeachiwa nafasi na dawa nyingine kwa watu wazima katika nchi nyingi, hasa baada ya mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019. Lakini kotrimoksazoli na dawa za kifafa zingali zinatumika kila siku, tena zinaokoa maisha ya watu wengi. Shabaha ya makala haya si kuwatia watu hofu ya dawa, bali kuwapa macho ya kuona dalili mapema.

Mwalimu ni mtu wa kwanza, baada ya mzazi, anayeweza kumwona mwanafunzi siku hizo za mwanzo. Akiona homa, macho mekundu, vidonda vya mdomo na madoa ya ngozi yenye maumivu, aulize swali moja: "Je, umeanza dawa yoyote katika miezi miwili iliyopita?" Jibu likiwa ndiyo, mwanafunzi asimeze dozi nyingine kabla ya kuonwa na mganga. Apelekwe hospitali siku ile ile, wala si baada ya juma kwisha. Dawa zake zote zifungwe na kupelekwa pamoja naye. Asitiwe macho dawa za kienyeji, maziwa ya mama wala matone yaliyobaki nyumbani.

Hospitali ya wilaya isiyo na utando wala daktari bingwa bado inaweza kufanya mengi: kusimamisha dawa, kuosha macho, kuyatia marhamu, kuyachunguza kwa fluoresini, na kumpeleka mgonjwa mbele kabla juma halijaisha. Aliyepona apewe kadi yenye jina la dawa iliyomdhuru, naye asiimeze tena maishani. Tukio hilo liarifiwe pia kwa wakuu wa dawa. Nchini Tanzania ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Ndugu wa mgonjwa asiyekuwa na elimu ya uganga naye ana sehemu yake. Anaposimama kando ya kitanda cha mtu aliyebabuka, na kuona wauguzi wakihangaika na homa, maji na vidonda, aweza kuuliza kwa adabu: "Je, macho yake yametazamwa leo?" Swali hilo halihitaji shahada, na laweza kumwokoa mtu na giza la maisha yake yote.

Maswali ya mjadala darasani

1. Eleza kwa nini mtu mmoja humeza dawa salama, na mwingine akaumizwa na dawa ile ile kwa kiasi kile kile.
2. Taja vitu vitatu vinavyofanya machozi, na mahali kila kimoja kinapotoka. Je, kitatokea nini kimojawapo kikikosekana?
3. Linganisha kubebesha mwembe na kushikana kwa kope na jicho. Mkulima hutaka nini, na daktari hutaka nini?
4. Kwa nini utando wa chupa ya uzazi hufaa zaidi katika juma la kwanza kuliko katika mwezi wa pili?